Je, Mtembezi Hula Miguu Yake?

Wazee wetu wametuachia methali mbili zinazogombana. Moja yasema, "Mtembezi hula miguu yake." Ya pili yasema, "Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota." Ya kwanza yamlaumu mtu atembeaye pasipo haja, ya pili yamtetea. Nawe, ndugu msomaji, ambaye sasa wakaa darasani ukihesabu siku zilizobaki kabla ya likizo, huna budi siku moja kuchagua baina ya hizo mbili. Basi na tulipime shauri hili pamoja: kutembea bila ya haja, kwa raha ya miguu na macho tu, ni uvivu, au kuna faida ndani yake?

Sipendi kubishana katika hewa tupu, kwa hiyo nitakuchukua katika njia niijuayo. Atokaye Voi, mji wa reli ulio katika tambarare ya joto na vumbi jekundu, akapita Mwatate na kupanda hata Wundanyi, huona dunia ikibadilika mbele yake. Mkonge na michongoma ya nyika huachwa nyuma. Migomba, mahindi na miwa huchukua nafasi yake. Hewa hupoa. Juu kabisa husimama kilele cha Vuria, chenye urefu wa mita 2,208 kutoka usawa wa bahari. Lakini mimi sikuiti kupanda Vuria. Nakuita katika mabonde yaliyo chini yake, ambako vijia vyembamba hufuata vijito, hupita kando ya matuta ya mboga na magimbi, na huingia mwituni pasipo kumchosha hata mtoto.

Msitu wa Ngangao ni mmojawapo wa mabaki ya misitu ya asili iliyoifunika milima hii zamani. Hautimii hata hekta 150. Hata hivyo, uingiapo ndani yake huhisi kama umeingia katika nyumba kubwa iliyotulia. Mwanga hushuka kidogo kidogo, ardhi ni laini chini ya nyayo, na ndege huita wasikoonekana. Baadhi ya ndege hao ni wa aina zisizopatikana mahali popote ulimwenguni isipokuwa katika Milima ya Taita. Mtu aweza kupita humo kwa saa moja au mbili, akatoka upande wa pili moyo wake ukiwa mwepesi. Hayo ndiyo matembezi ninayoyasema.

Sasa nitaungama jambo. Nilipokuwa mgeni katika kazi ya ualimu, nilikuwa na desturi ya kutembea hivyo kila Jumamosi. Siku moja, katika kijia cha bondeni, nilikutana na mama mmoja wa makamo aliyebeba mzigo wa kuni mgongoni. Tukaamkiana. Akaniuliza, "Waenda wapi, mwalimu?"

Nikamjibu, "Siendi mahali, mama. Natembea tu."

Akautua mzigo wake juu ya jiwe, akavitazama viatu vyangu, kisha akacheka kwa upole. "Kutembea tu!" alisema. "Basi, mwanangu, wewe umeshiba."

Hakunitukana. Alisema kweli kama alivyoiona, na mimi sikuwa na jibu. Kijia kile nilichokiita cha raha kwake kilikuwa cha kazi. Miguu yake ndiyo iliyokilainisha. Matuta niliyoyasifu kwa uzuri wake yalijengwa kwa migongo ya watu kama yeye. Je, raha yangu haikuwa raha ya mtu anayekaa kivulini na kuwasifu wanaolima juani kwa kuwa jembe lao hung'aa?

Wako watakaojibu upesi kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika, na kwamba akili hufanya kazi vyema miguu inapotembea. Watataja Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani wa kale, ambaye wanafunzi wake waliitwa kwa jina lenye maana ya watembeaji. Maneno hayo si ya uongo. Lakini hayamjibu yule mama, kwa sababu yeye naye ana akili na ana haki ya kupumzika, na siku ile hakuwa na nafasi ya kuitumia haki hiyo. Jibu linalomwacha yeye nje ya hesabu si jibu kamili.

Wengine watasema kwamba afadhali mtu asitembee kabisa ila kwa haja. Hawa nao nawauliza: je, mwenye haja huona nini? Aendaye sokoni huuona ushuru na bei. Aendaye barazani huiona kesi yake. Haja ni kama kifuniko cha macho: humwongoza mtu mbele, lakini humziba upande huu na huu. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mhubiri wa dini aliyekaa Rabai, alipita Taita kwa miguu akielekea Uchagga. Haja yake ilikuwa kutafuta njia ya kueneza dini. Njiani akauona Kilimanjaro ukiwa na theluji kileleni. Alipotoa habari hizo, baadhi ya wataalamu wa Ulaya, waliokuwa wamekaa juu ya viti vyao na ramani zao, hawakumsadiki. Aliokota asichotumwa. Lakini tusisahau nusu ya pili ya kisa: mlima ule haukuwa umepotea. Watu walioishi chini yake na wasafiri waliopita huko walikuwa wakiujua tangu zamani. Aliyeokota alikuwa mgeni. Wenyeji walikuwa nacho mkononi.

Nirudi bondeni. Niliona aibu, nikamwomba yule mama anipe nusu ya mzigo. Alikataa, kisha akakubali. Tulipokuwa tukienda, nilimwonyesha shamba la miti mirefu iliyonyooka ukingoni mwa kijito, nikasema, "Tazama, mama, miti hii ilivyo mizuri." Akasema, "Ni mikaratusi. Pale chini yake palikuwa na chemchemi. Mama yangu alichota maji hapo. Sasa mimi huenda mbali zaidi." Ndugu msomaji, mimi niliona uzuri, yeye aliona kiu. Sote wawili tulitazama mti ule ule.

Tangu siku ile nimejifunza kuyafuata maji kwa swali. Misitu ya vileleni hunasa ukungu wa mawingu na kuudondosha ardhini. Ardhi hunywa, kisha huachilia vijito taratibu. Vijito hivyo huungana, na baadhi yao huwa Mto Voi. Msitu ukikatwa, mvua hushuka kwa hasira na kuchukua udongo, kisha kiangazi kikija mto hauna akiba. Mto Voi si mto wa kudumu: katika tambarare, miezi mingi ya mwaka ni njia ya mchanga. Mwaka 1952 ulizuiwa kwa ukuta ndani ya Mbuga ya Tsavo Mashariki, likapatikana Bwawa la Aruba. Bwawa hilo nalo limekauka mara kadhaa, na tope limepunguza kina chake. Mtu aliyepanda mikaratusi juu ya chemchemi hakukusudia kumdhulumu mtu wala mnyama wa Voi. Hakuwajua. Hakuwahi kulifuata bonde hata mwisho wake.

Wataita wa kale walilijua jambo hili kwa namna yao. Walikuwa na mahali patakatifu palipoitwa fighi, na kukata miti ya mahali hapo kulikuwa mwiko. Kijana wa leo aweza kuucheka mwiko ule. Lakini apitapo na kuona kwamba baadhi ya miti mikubwa ya asili iliyobaki katikati ya mashamba ni ile iliyolindwa kwa mwiko, yampasa anyamaze kidogo kabla ya kucheka.

Basi methali ipi ni ya kweli? Naona zote mbili. Mtembezi hula miguu yake kama akitembea ili asifu tu, arudi nyumbani na kusahau. Huyo amelipa miguu, hakununua kitu. Lakini mwenda bure aweza kuokota, kwa sharti mbili: awasalimu anaowakuta njiani na kuwasikiliza, maana wao ndio wenye kujua, na alichookota asikifiche mfukoni. Kama amejua chemchemi imekauka, ana deni. Kujua si raha tu. Ni mzigo, na mzigo hugawanywa.

Likizo itakapofika, kichague kijito kilicho karibu na kwenu ukifuate kuelekea juu, mahali ambapo ni salama kwenda kwa miguu. Katika tambarare za tembo usiende peke yako. Acha manati nyumbani. Usiende mbio. Ukikuta mtu mwenye mzigo, mwamkie, umpokee, kisha umwulize palikuwa na nini hapo zamani. Na akikuambia kwamba wewe umeshiba, usikasirike. Yawezekana kwamba ni kweli, na kwamba hilo ndilo jambo la kwanza utakaloliokota.