Mbwa wa Mlangoni pa Kanisa



Jumapili moja ya Kwaresima, tulipotoka katika Misa ya asubuhi, tulimkuta mbwa amelala ukingoni mwa barabara mbele ya kanisa. Lori lilikuwa limemvunja mguu wa nyuma. Watu walimpita. Nami nilimpita, tena na Biblia mkononi, nikijiambia kwamba mbwa ana mwenyewe na mwenyewe atakuja. Nilikwisha kukaa mezani kwangu ndipo iliponijia sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati, ambayo niliwafundisha watoto wa shule miaka mingi.

Katika aya tatu za mwanzo twasoma habari za mnyama wa ndugu yako aliyepotea. Huna ruhusa ya kujifanya hukumwona. Na kama mwenyewe yu mbali, au humjui, basi mnyama aletwe nyumbani kwako, akae humo mpaka atafutwe, ndipo umrudishe. Kweli Musa ataja ng'ombe, kondoo na punda; mbwa hamtaji. Lakini aongeza kila kitu cha ndugu kilichopotea, na hapo mlango wangu wa kutorokea ukafungwa.

Kumwokota mnyama ni kazi ya saa moja. Kukaa naye ndiko kwenye kazi. Nilirudi na gunia, tukamfunga mdomo kwa kitambaa, maana hata mbwa mpole akiwa na maumivu huuma. Bwana Mifugo alimtia gango, na baadaye akamchanja. Kisha zikafuata wiki sita. Kila alfajiri, kabla ya sala, kubadilisha gunia lililolowa, kutazama vidole kama vimevimba kwa gango kubana, kutoa kupe, kupika uji wa dona na vichwa vya dagaa. Usiku alilia. Mke wangu alinung'unika wiki ya kwanza. Wiki ya pili nilimkuta yeye ndiye anayempelekea maji.

Lakini huruma isiwe upumbavu. Mbwa anayetokwa na mate mengi, anayeuma ovyo au aliyebadilika tabia ghafula, msimguse. Mwiteni Bwana Mifugo. Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akapate sindano. Dalili za kichaa zikisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara hufa.

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kwa nini nampikia mbwa, na hali mtaani kwetu wapo watoto wasio na daftari. Ni swali la haki, nami nilikwenda nalo nyumbani. Nikajipima, nikaona kwamba mwaka mzima kabla ya mbwa yule kuja sikuwa nimemnunulia mtoto hata mmoja daftari. Dagaa wale hawakutoka mkononi mwa mtoto. Mwezi ule nilianza kununua daftari, na sikuona mkono mmoja ukiuzuia mwingine.

Tena, waliotutangulia hawakuzitenga huruma hizi. Mwaka 1824 huko London, Arthur Broome, kasisi wa Kanisa letu la Anglikana, aliwakusanya watu wakaunda chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Kati yao alikuwamo William Wilberforce, yule yule aliyepigana Bungeni miaka mingi ili biashara ya watumwa ikomeshwe. Chama kikaingia katika madeni, na Broome akafungwa gerezani kwa madeni hayo. Chama kingali hai hata leo.

Wiki ya sita alikuja kijana muuza mkaa. Alikuwa amemtafuta mbwa wake tangu Kwaresima, kijiji kwa kijiji. Mbwa alimjua kabla hajafika kibarazani, akamwendea akichechemea. Mimi nilikuwa nimekwisha kumpa jina, nikanyamaza. Kijana alimwita kwa jina lake mwenyewe, wakaondoka.

Gunia lingali kibandani. Sasa hulalia paka wa rangi ya majivu, jike, mwenye jicho moja bovu, aliyeokotwa sokoni. Mwenye kumjua na aje, jioni yo yote baada ya sala.