Yesu kwenye Altare ya Mbuddha

Jumapili iliyopita, baada ya misa, mzee mmoja wa jumuiya yetu alimkemea kijana mbele za watu. Kijana alikuwa amesema kwamba kabla ya kuanza rozari huketi kimya kidogo, akifuata pumzi inavyoingia na kutoka, na kwamba amejifunza hivyo katika kitabu cha mtawa wa Kibuddha. "Mwanangu, unamfungulia shetani mlango," mzee akasema. Waliokuwapo wakaguna kukubali. Kijana akajibu, "Nimekusikia, mzee," akajiendea zake.

Neno lile limenikaa kooni wiki nzima. Mtawa mwenyewe ni Thich Nhat Hanh wa Vietnam, na kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuufungia Ukristo mlango, ni yeye. Mwaka 1963 Vietnam Kusini ilitawaliwa na Ngo Dinh Diem, Mkatoliki kama sisi. Mwezi Mei serikali yake iliwakataza Wabuddha wa mji wa Hue kupeperusha bendera yao siku ya kuzaliwa kwa Buddha. Walipoandamana walipigwa risasi, wengine wakafa. Tarehe 11 Juni, mtawa Thich Quang Duc aliketi kwenye njia panda mjini Saigon, akamwagiwa petroli, akajiwasha moto kwa kiberiti.

Baada ya hayo, Nhat Hanh angewachukia Wakristo, nani angemlaumu? Lakini alipokuwa uhamishoni Ufaransa, kwenye altare ya chumba chake aliweka picha ya Buddha na picha ya Yesu, akisema wote wawili ni wahenga wake wa kiroho.

Utaniambia: huyo ni Mbuddha, aweke anachotaka, sisi tuna amri ya kwanza. Hoja hiyo siidharau hata kidogo. Wapo watu wanaookota katika kila dini kinachowafurahisha na kuacha kinachowadai. Nhat Hanh naye hakuwataka wa namna hiyo. Wakristo waliomwendea aliwahimiza warudi kwenye makanisa yao, wakazamishe mizizi huko. Mti usio na mizizi hauna kivuli cha kumpa mtu.

Tena waliosogeleana naye hawakuwa Wakristo wa mashaka. Mwaka 1966 alikwenda Marekani kuomba vita vya Vietnam visimamishwe. Thomas Merton, padri Mtrapisti, alimpokea katika monasteri ya Gethsemani, Kentucky, kisha akaandika makala kumtetea akimwita ndugu yake. Merton alikufa mwaka 1968 akiwa bado padri na mtawa. Mwaka huohuo wa 1966, huko Chicago, Nhat Hanh alikutana na Mchungaji Martin Luther King. Januari 1967 King alimpendekeza kwa Tuzo ya Amani ya Nobel, na Aprili akasimama katika kanisa la Riverside, New York, kuvilaani vita vile hadharani. Magazeti makubwa yakamshambulia, na baadhi ya wenzake katika harakati za haki wakajitenga naye. Nhat Hanh, kwa upande wake, serikali za Kusini na Kaskazini zote zilimfungia njia ya kurudi kwao. Hakukanyaga Vietnam tena hadi 2005. Tuzo ya Nobel yenyewe haikutolewa kwa mtu yeyote mwaka 1967.

Kwa hiyo anayedhani amani kati ya dini ni mambo ya kupeana mikono mbele ya kamera, ahesabu gharama waliyolipa hawa. Je, mpaka upo kati ya kujifunza kwa jirani na kuiacha imani yako? Upo, na kila mmoja aupime kwa dhamiri yake na kwa kiongozi wake wa kiroho. Lakini pumzi aliitoa Mungu, na kunyamaza mbele zake watawa wetu wa jangwani walikujua tangu karne za mwanzo.

Mchanganyiko ninaouogopa mimi ni mwingine: imani na bunduki ya serikali. Diem hakuwahi kuchanganya Ukristo na Ubuddha. Alikuwa Mkatoliki wa sala na misa, na chini ya utawala wake watu walikufa kwa ajili ya bendera ya sikukuu yao. Wahubiri wetu na waukemee huo kwanza.