Tusiwaulize watoto wetu "Shibolethi"

Somo letu ni Waamuzi 12:1-6. Fungueni Biblia zenu, msome mstari kwa mstari pamoja na watoto.

Jumamosi moja mama wa kanisa letu alinijia akimvuta mwanawe mkono. Mtoto alikuwa na skafu ya skauti shingoni. Mama akasema, "Mchungaji, sikumbeba huyu mpaka Nakivale ili avae sare tena." Sikumkemea. Wengi wetu tulisikia filimbi na kuona vijana wamepanga mstari kabla hatujaona nyumba zetu zikiungua. Ndiyo maana nasema "kikundi" cha vijana, wala sisemi "kikosi". Neno hilo linatuuma.

Wiki hiyohiyo wazee wengine waliniletea neno la pili. Walitaka kikundi kigawanywe: Wakongo wanaosema Kiswahili peke yao, wa Kinyarwanda na Kirundi peke yao. Walisema amri hazieleweki, wakanikumbusha Paulo na ile tarumbeta isiyotoa sauti ya wazi, 1 Wakorintho 14:8. Wana haki kwa sehemu. Nimeona kwa macho yangu mtoto akiambiwa "Haguruka!" akabaki ameketi, na wenzake wakacheka. Kicheko hicho si kitu kidogo.

Lakini rudini kwenye somo. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke "Shibolethi". Mwefraimu alisema "Sibolethi", akachinjwa pale pale. Walikufa 42,000. Na walikuwa ndugu! Gileadi ni wa ukoo wa Manase, na Manase na Efraimu ni watoto wa baba mmoja, Yusufu. Tena angalieni mstari wa 4: hao wa Gileadi ndio waliokuwa wametukanwa kwamba ni watoro. Aliyeitwa mtoro jana, leo amesimama kivukoni anasikiliza ulimi wa mwenzake. Wapendwa, mnajua vizuizi vya barabarani. Sihitaji kueleza zaidi.

Basi sare ndiyo mbaya? Baden-Powell, aliyeanza skauti mwaka 1907 kule Uingereza, alikuwa jenerali wa vita, hatufichi. Kaburi lake liko karibu nasi, Nyeri, Kenya. Alifariki mwaka 1941. Lakini alitaka vijana wajifunze kupika, kufunga kamba na kumsaidia jirani. Ubelgiji, waliotutawala Kongo, Rwanda na Burundi, wana lugha zao zinazovutana, na skauti wao mpaka leo wana vyama mbalimbali kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Wao wanaweza. Wakigawana vyama, jioni kila mtu analala kwake salama. Sisi tukigawana watoto, tunajua mambo hayo huishia wapi.

Na kwetu kuna mifano mizuri. Bukavu, mwaka 1952, Padri Georges Defour alianzisha Xaveri, na vijana wengi wa Kivu walilelewa humo. Baadhi yenu mliovaa skafu yake mngali mnaikumbuka. Katika miaka ya 2000, baada ya damu yote ile, skauti na gaidi wa Burundi, Rwanda na Kongo waliungana katika kazi ya kufundishana amani. Waliiita Amahoro Amani. Neno moja, mara mbili, ili pasiwe na mtu wa kusema hakuelewa.

Kwa hiyo wazee wa kanisa tumekaa na viongozi wa vijana, tukapatana hivi. Kikundi kitabaki kimoja. Kila amri itatolewa kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyarwanda, na watoto wenyewe watapokezana kuitoa. Atakayemcheka mwenzake kwa matamshi atachota maji ya kikundi siku hiyo. Fimbo haiwekwi begani kama bunduki. Ni ya kubebea mgonjwa na kusimamishia hema. Kuhusu rangi, kitambaa kilichonunuliwa Mbarara kilileta manung'uniko, kwa kuwa wengine waliona ndani yake bendera ya watu fulani. Kitarudishwa, na mama zetu ndio watakaochagua kingine. Na mtoto mpya atapewa skafu kwanza. Lugha ya nyumbani kwao tutaijua baadaye, akituambia mwenyewe.

Yule mama bado hajakubali. Skafu ya mwanawe iko kwangu, imekunjwa ndani ya Biblia, hapo Waamuzi 12. Nimemwomba aje tu aketi na kutazama, na wengine wenye hofu kama yake waje pia: Jumamosi saa tisa alasiri, chini ya mti nyuma ya kanisa. Viti vipo vichache, aliye na mkeka alete.

Mchungaji wenu