Nani Amemkopesha Mwenzake? Neno juu ya Kodi ya Nyumba



Mtume Paulo alikuwa mpangaji. Jambo hili limeandikwa mwishoni kabisa mwa Matendo ya Mitume, nasi twalipita upesi bila kuliangalia. Alipofikishwa Rumi, hali ni mfungwa, aliishi miaka miwili katika nyumba ya kukodi, akilipa mwenyewe, na watu wote waliomjia aliwapokea humo. Hatuambiwi mwenye nyumba alikuwa nani, wala alidai kiasi gani. Lakini mtu huyo alikuwapo, naye alimpa nyumba mgeni mwenye askari mlangoni, ambaye kesho yake haikujulikana. Kama angalidai kodi ya mwaka mzima kwanza, sijui Paulo angalihubiri wapi katika mji ule.

Swali letu mwezi huu ni hili, nalo vijana wa sharika zetu za Kyela hawaachi kuliuliza: Je, ni dhambi mwenye nyumba kudai kodi ya miezi sita, au ya mwaka, kabla mpangaji hajaingiza hata kitanda?

Tuseme kijana ametoka Matema, amekuja Kyela mjini kutafuta riziki. Ashinda sokoni akibeba magunia ya mchele, au aendesha pikipiki ya mtu mwingine, na jioni ampelekea mwenyewe hesabu. Apata chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, chenye paa la bati, na choo cha pamoja uani. Tuseme kodi yake ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Kijana apiga hesabu, aona kwamba akiweka shilingi 1,000 kila siku ataiweza. Ndipo aambiwapo: Lete ya miezi sita, yaani 180,000, na dalali naye ataka ya mwezi mmoja, kama ilivyo desturi yake. Jumla ni 210,000. Fedha nyingi namna hiyo hajapata kuishika kwa mara moja tangu kuzaliwa kwake. Bei ya chumba haikumshinda. Kilichomshinda ni lundo.

Basi afanye nini? Huenda akalala kwa rafiki, watu wanne katika chumba kimoja, mpaka urafiki wenyewe uchoke. Au aenda mbali, kwenye vyumba vya bondeni ambavyo havidai mengi. Nanyi mwaijua nchi yetu: mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo yateremka kutoka milimani na maji ya mvua nyingi, na mwezi wa Aprili tambarare yote yajaa. Atafutaye chumba wakati wa kiangazi na atazame ukuta kwa makini, karibu na sakafu, aone kama pana mstari wa matope. Mwenye nyumba hatamwonyesha mstari huo. Tena kutoka huko nauli ya kila siku yamla kuliko kodi aliyoikimbia. Mwenye mshahara alilipa lundo lake, akakaa karibu na kazi. Asiye na mshahara akaa mbali, akitoa zaidi mwisho wa mwezi. Hivyo maskini anunua ghali kuliko tajiri.

Sasa tuliangalie jambo lenyewe. Twazoea kusema kwamba mpangaji ndiye mdaiwa. Lakini siku ile ya kwanza, akiisha kulipa, nani amemkopesha mwenzake? Kijana ametoa fedha ya miezi mitano ambayo hajailalia bado. Mwenye nyumba anayo mkononi, aezekea bati, au alipia mtoto shule. Amekopa kwa mtu aliye maskini kuliko yeye, pasipo riba, wala hakuona haja ya kushukuru. Na paa likivuja mwezi wa pili, mdai huyu hawezi kuondoka, maana fedha yake imefungwa ndani ya ukuta.

Wakatekista mwajua jinsi Luther alivyoeleza ombi la nne katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Katika mkate wa kila siku alihesabu nyumba na makao, na katika orodha hiyo hiyo akahesabu majirani wema. Kwa hiyo yule aombaye Sala ya Bwana Jumapili, na Jumatatu akamfungia mwenzake mlango, amezuia kitu alichokwisha kukiombea. Tena katika Katekisimo Kubwa, alipoifundisha amri ya saba, Luther hakukomea kwa mwizi avunjaye sanduku usiku. Aliwataja nao wanaouza na kununua sokoni na kupata faida kwa shida ya jirani, huku wameketi kwa heshima.

Hata hivyo singependa mtu aondoke hapa akawatukane wenye nyumba. Wengi wao katika mji wetu si matajiri. Yupo mjane aliyeuza kakao yake kidogo kidogo kwa miaka mingi, akajenga vyumba vitatu, navyo ndivyo mume wake na mwanawe na akiba yake. Mpangaji akikaa miezi mitatu bila kulipa, kisha usiku mmoja akafunga mizigo yake akavuka Songwe pale Kasumulu hata Malawi, mjane huyo atamshitaki wapi? Zamani ilikuwapo Sheria ya Kuzuia Kodi ya mwaka 1984, yenye mabaraza ya kuamua mashauri ya kodi. Ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei na masharti ni mapatano ya watu wawili, na mmoja wao ndiye mwenye ufunguo. Lakini mwenye ufunguo naye aogopa.

Basi hukumu yangu ni hii. Mwenye nyumba akitaka kinga hana kosa, na kodi ya mwezi mmoja au miwili mbele yatosha kuwa kinga. Izidipo hapo si kinga tena, ni mkopo. Na mkopo huombwa kama mkopo. Amwambie mpangaji waziwazi: Nina haja ya fedha nyingi sasa, ukiweza kunipa ya miezi sita nitakupunguzia, tena nitatengeneza paa kabla hujaingia. Mwenye mpunga aliyekwisha kuvuna huenda akakubali kwa furaha, maana fedha zake huja kwa mkupuo. Auzaye samaki sokoni hawezi, naye asifukuzwe kwa sababu hiyo. Apokewe kwa kulipa kila wiki.

Wazee wetu Wanyakyusa hawakulijua jambo la kodi ya nyumba. Wavulana walipopata umri wa miaka kama kumi walitoka nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja, rika moja kijiji kimoja. Monica Wilson, aliyekaa kwetu na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliyaandika hayo, pamoja na neno letu ukwangala, yaani kukaa na wenzako kwa furaha na mazungumzo. Ulikuwa utaratibu mzuri, ila msichana hakuwa na kijiji cha namna hiyo. Hata leo msichana mwenye kazi yake akitafuta chumba peke yake huulizwa kwanza mume yuko wapi, na kijana wa kiume haulizwi mke.

Neno jingine ni kufuli. Torati ilimkataza mdai kuingia nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani. Alipaswa kusimama nje, aletewe. Basi Mkristo atiaye kufuli lake mlangoni, na sufuria na nguo za watoto zimo ndani, na afikiri alikotoka.

Wengine huwajia wazee wa kanisa na wakatekista, wakiomba wadhaminiwe kwa mwenye nyumba. Mithali yatuonya sana juu ya dhamana, nayo yasema kweli. Lakini naona mtu aweza kumdhamini mwenzake kwa kodi ya mwezi mmoja tu, ambayo akiipoteza watoto wake hawatalala njaa, na mapatano yaandikwe katika daftari mbele ya shahidi. Mimi nimedhamini mara tatu. Wawili walilipa. Wa tatu aliondoka bila kuaga, nami nikampelekea mama mwenye nyumba kodi ya mwezi ule. Alizihesabu fedha, akanirudishia 5,000, akisema ni kwa kuwa kijana yule aliuacha mlango mzima, tena alifagia.