Rangi Juu ya Kutu

Mchubuko mdogo wa rangi ya gari ukifika kwenye bati, unyevu huleta kutu, na huku pwani chumvi ya bahari huiharakisha. Fundi mwema huikwangua kutu yote kwa msasa, hupaka rangi ya kuzuia kutu, ndipo hupaka rangi yenyewe. Mwingine hupaka juu ya kutu, gari likauzwa, nayo kutu ikaendelea kula chini kwa chini. Je, muuzaji amesema uongo, hali hakutamka neno? Twaona amesema, kwa brashi yake. Kupendezesha gari si kosa. Kosa ni kumziba mwenzetu macho. Basi tunapouza chochote, tujiulize: kazi hii twaweza kuifanya mnunuzi akitutazama?