Kurudi Kama Tulivyotoka Mkononi mwa Fundi

Masomo: Yeremia 18, 1-6; 2 Wafalme 22, 3-8; Luka 19, 1-10



Siku ya Mungu iliyopita, kwenye mlango wa kanisa letu alisimama kijana mmoja tunayemjua sote. Tulimbariki akiwa mtoto mchanga. Aliimba katika kwaya ya watoto. Kisha akaingia porini, akashika silaha pamoja na wengine, na kwa miaka mitatu hatukusikia habari zake ila habari mbaya. Sasa amerudi. Alivua viatu, akasimama pale mlangoni tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka ya mwisho, na hakuna hata mmoja wetu aliyempa mkono. Baada ya ibada maneno yakawa mengi. Wengine walisema: asiingie kamwe. Wengine, wenye huruma ya haraka, walisema: tumvike kanzu nyeupe siku ya Mungu ijayo, atoe ushuhuda, ngoma zipigwe, mambo yaishe. Sisi tunaoandika karatasi hii tumeyapima maneno haya mawili katika maombi, na tumeona kwamba yote mawili hayafuati njia ya Fundi wetu. Ndiyo sababu leo tunawapa mfano wa gari.

Msicheke, wapendwa. Nabii Yeremia alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi, akafundishwa mbele ya gurudumu na udongo. Sisi tunaoishi kwa malori ya Kasindi na pikipiki za Butembo, kwa nini tusifundishwe mbele ya garaji?

Kampuni ya Nissan ya Japani ilianza mwaka 1969 kutengeneza gari dogo la mbio lililoitwa Datsun 240Z. Lilikuwa na viti viwili tu, boneti ndefu, na mashine ya silinda sita ya lita 2.4. Mwaka 1970 liliuzwa Marekani kwa dola kama 3,500. Wazee wetu waliovuka mpaka kufanya biashara Kasese na Kampala wanaweza kuwa walisikia sifa zake, maana mwaka 1971, katika siku za Pasaka, gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya Safari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanzania, katika matope na vumbi tunalolijua. Waliokuwa ndani yake ni Edgar Herrmann na Hans Schüller. Wa pili walikuwa katika gari la aina ile ile, naye dereva wake, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akaja kushinda mwenyewe mwaka 1973.

Sasa fikirini yaliyolipata gari hili likiisha kuuzwa. Mwenye gari wa kwanza akalipenda kama lilivyo. Wa pili akaona mashine ya silinda sita haitoshi, akaing'oa, akatia mashine kubwa ya Chevrolet yenye silinda nane. Wa tatu akakata bati juu ya magurudumu ili aingize matairi mapana, akaziba mikato kwa vipande vya plastiki. Wa nne akatupa usukani uliotoka kiwandani, akaweka mwingine. Wa tano akapaka rangi nyingine. Kila mmoja alisema: nimeliboresha. Na yawezekana lilikimbia zaidi. Lakini yule aliyelichora kwa kalamu, kama angelikutana nalo njiani, pengine asingelitambua.

Tena, mwaka 1996 Nissan iliacha kuuza magari ya ukoo wa Z kule Marekani. Katika miaka ile ile ikafanya jambo ambalo si kawaida ya wafanyabiashara: ikaanza kununua 240Z kuukuu, zile za mwaka 1970 hadi 1972, ikazipeleka kwa mafundi, wakazirudisha katika hali ya kiwandani, na kuziuza tena katika maduka yake kwa dola kama 25,000, pamoja na dhamana. Gari lililouzwa 3,500 likiwa jipya, aliyelitengeneza alilinunua likiwa limechoka, akalishughulikia upya! Kazi ilikuwa nzito mno. Walifikiri kutengeneza 200, hawakufika hata 50.

Tuangalie jinsi kazi hiyo inavyofanyika, maana hapo ndipo somo lilipo.

Kwanza fundi hatazami rangi. Anafungua boneti, anatafuta namba. Kila 240Z ina namba yake iliyogongwa katika chuma, kwenye ukuta ulio kati ya mashine na viti. Zile zilizotengenezwa kwa usukani wa kushoto, kama zile za Marekani, namba yake inaanza kwa herufi HLS30. Wenye gari watano wanaweza kubadili kila kitu, lakini namba imo ndani ya chuma. Fundi akiisha kuisoma anajua: hili ni letu. Hasemi, "Mbona limeharibika hivi, litupeni." Ndugu mliosema kijana asiingie kamwe, tunawauliza kwa upole: ile baraka tuliyomwekea akiwa mtoto mchanga, ilifutwa na nani? Tuliigonga sisi kwa mikono yetu, au Bwana mwenyewe?

Pili, na hapa tunasema na wenye huruma ya haraka, fundi hapaki rangi siku ya kwanza. Anabomoa. Anatoa viti, vioo, nyaya, anaondoa rangi yote mpaka bati linabaki uchi. Mafundi wa Butembo wanajua sababu yake. Gari la okazyo linalong'aa sana ndilo la kuogopa. Pitisha sumaku mlangoni: penye bati inashika, penye mastiki inaanguka. Chini ya mastiki kuna kutu, na kutu haiogopi rangi, inaendelea kula polepole mpaka siku moja mlango unabaki mkononi mwako. Kanzu nyeupe juu ya kutu ni mastiki, wapendwa. Tutampendeza kijana kwa siku moja, kisha tutamwangamiza.

Zakayo hakufanya hivyo. Bwana aliingia nyumbani mwake bila masharti, ndiyo. Hiyo ni namba katika chuma, maana Bwana alimwita mwana wa Abrahamu. Lakini Zakayo akasimama, akaanza kubomoa. Nusu ya mali kwa maskini. Aliyemdhulumu, mara nne. Alihesabu piesi moja moja. Nasi tunajua, na kijana mwenyewe amekiri mbele ya wazee wawili, kwamba mbuzi wawili wa mama mjane wa kilima cha pili walichukuliwa na mkono wake. Mbuzi hawarudi kwa ushuhuda na ngoma. Na kama kuna mambo makubwa kuliko mbuzi, mambo ya damu, hayo si ya kanisa peke yake. Nchi ina sheria, na sisi hatutamficha mtu chini ya madhabahu. Tutakwenda naye, lakini hatutamficha.

Tatu, fundi anatafuta kitabu. Gari hili lina kitabu cha kiwanda kinachoeleza kila kokwa inakazwa namna gani na kila waya unapita wapi. Bila kitabu, fundi anafuata kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu inapenda kujisifu. Katika siku za mfalme Yosia walikuwa wakitengeneza hekalu lililobomoka, maseremala na waashi wakilipwa, na katikati ya vumbi la kazi hiyo kuhani Hilkia akakiona kitabu cha sheria. Kilikuwa ndani ya nyumba siku zote! Nyumba ya Mungu ilikuwa imesahau kitabu chake chenyewe. Mfalme aliposomewa, alirarua mavazi yake, maana aliona umbali kati ya hekalu lile na neno lililolijenga.

Basi na sisi tujisomee. Tumesema habari ya kijana kwa urefu, lakini wazee wa kanisa letu wanakumbuka jinsi tulivyoanza. Mgonjwa aliletwa juu ya kipoyi, tukamwombea, akarudi kwao, na hakuna aliyemuuliza ana franka ngapi. Leo kuna bahasha. Hatukuandika sheria yoyote ya bahasha, ilikuja polepole kama yule mwenye gari wa pili: kidogo kwa mafuta ya taa, kidogo kwa betri ya kipaza sauti, kidogo kwa mgeni. Sasa mama asiye na bahasha anabaki nyumbani na mtoto wake mwenye homa. Na kipaza sauti chenyewe, tuseme kweli, kinapiga kelele mpaka majirani wanalala vibaya, wala hatujaona kwamba Mungu amesikia zaidi tangu tukinunue. Ezra anaeleza, katika sura ya 3, kwamba msingi wa hekalu la pili ulipowekwa wengi walishangilia, lakini wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia. Kuna mama wa miaka mingi katika kanisa letu anayelia hivyo kila siku ya Mungu, na tulidhani ni uzee.

Lakini tusije tukakosa upande wa pili, tukadhani kila kilichoongezwa ni cha adui. Magari ya Safari nayo yaliongezewa vitu: taa nyingi mbele kwa ajili ya usiku, bamba la chuma chini kwa ajili ya mawe. Njia ile ilivihitaji. Nasi wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, tuliweka ndoo ya maji ya klori mlangoni na tukaacha kushikana mikono. Ilikuwa vema, na wengine wetu tuko hai kwa sababu hiyo. Ndoo na ibaki, maana ugonjwa haupigi hodi, na siku tukiambiwa tena tuache mikono, tutaacha. Lakini ugonjwa ule ulipokwisha kutangazwa, mikono yetu ilirudi? Kuna waliopona ambao mpaka leo benchi lao lina nafasi pande zote mbili. Hiyo si kinga tena. Ni kitu kilichofungwa kwa ajili ya safari moja, na safari imekwisha, nasi tumesahau kukifungua. Kijana wetu alikutana na mikono hiyo hiyo.

Kuna jambo la mwisho juu ya gari hili, na lilitusumbua tulipolijua. Lile lenyewe lililoshinda Safari mwaka 1971 lipo bado, linatunzwa na Nissan huko Zama, Japani. Mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni waliitengeneza mashine yake mpaka ikanguruma tena. Lakini mabonde na mikwaruzo ya njia ya Afrika bado yanaonekana katika bati lake. Mafundi wanaoweza kunyoosha bati lolote duniani waliyaacha. Tukauliza: basi kurudi katika hali ya kwanza ni kufuta alama zote? Tukakumbuka Yohana sura ya 20. Bwana aliyefufuka, mwenye mwili usiokufa tena, alimwonyesha Tomaso mikono na ubavu. Alama za misumari zilibaki. Kilichoondoka ni mauti.

Kwa hiyo kijana huyu hatarudi kuwa yule mtoto wa kwaya kana kwamba miaka mitatu haikuwako. Mama mjane ataendelea kuogopa akimwona jioni, na ana haki. Wapo kati yetu waliofiwa na wao wana kovu ambalo hatutaki kulipaka rangi kwa kuwaambia wasahau. Hatuwaombi wasahau. Hatuwaombi hata wamkaribie kabla moyo haujaweza. Tunaomba tu nafasi ya kufanya kazi ya garaji, polepole, mbele ya macho ya wote.

Basi baraza la wazee limepanga hivi. Siku ya posho inayokuja, saa mbili asubuhi, wazee wawili na mama mmoja wa kamati ya wamama watakwenda pamoja na kijana kwa mama mjane, ikiwa yeye mwenyewe amekubali kutupokea. Wametumwa watu kumwuliza. Kijana ana mbuzi mmoja, alimpata kwa kulima shamba la watu miezi minne. Wa pili hana bado, na hatutamnunulia, ataendelea kulima. Anayehitaji mtu wa kazi shambani aje aseme kwa katibu, na amlipe kwa haki. Kanzu nyeupe itangoja. Mpaka hapo ataketi benchi la tatu upande wa kuume, si mlangoni.

Na kuhusu bahasha ya wagonjwa, kuanzia siku ya Mungu ijayo imeondolewa. Anayeleta mgonjwa alete mgonjwa.

Benchi la tatu lina watu wanne. Tunahitaji wa tano atakayeketi kando yake.