Jicho Nalo Hufunzwa

Wanangu wa huku Baraka na Fizi, nimechoka, lakini hili siwezi kulinyamazia. Nawasikia mkifunga kila mabishano kwa kusema uzuri ni macho ya mtu, kila mmoja na lake. Kama ndivyo, mnabishana nini? Mwenzako akipenda pilipili nawe huitaki, hakuna ugomvi, unamsogezea bakuli. Lakini mtu akisema ziwa letu la Tanganyika ni baya, damu inakuchemka, unataka akiri kwamba hajaangalia vizuri. Immanuel Kant, yule Mjerumani, alilieleza hilo mwaka 1790: anayesema kitu ni kizuri hutaka na wenzake wakubali, ingawa hana ushahidi wa kuwawekea mezani.

Kitazameni kinyago cha alunga cha watu wetu Babembe. Niliwaonyesha picha, mkacheka, mkasema kibaya, kinatisha. Ni gogo lililokombwa ndani ili mtu alivae kichwani. Lina sura mbili, moja mbele na moja nyuma, na macho makubwa yaliyozama katika duara jeupe. Juu yake yalichomekwa manyoya ya ndege na miiba ya nungunungu. Chama cha alunga kilishika nidhamu ya watu, kilicheza hadharani, kilifanya matambiko kabla ya uwindaji. Mchongaji hakutafuta sura ya bibi harusi. Mimi nikiziangalia sura zile mbili, naona uso ambao mkosaji hana pa kupita asionwe. Leo vinyago vya namna hiyo vimefungiwa katika vioo vya makumbusho ya Ulaya, na wageni wanasifu mistari yake. Hawasemi uongo, ila wameona nusu. Nanyi wenye mali mmeona kidogo kuliko wao.

Lakini msikimbilie upande wa pili, mkadai kizuri ni chenye faida tu. Bidoni la njano linatuletea maji kila asubuhi. Nani amewahi kusimama kulistaajabia? Na mwaka 2005, meli zilipoanza kurudisha wakimbizi wetu kutoka Kigoma, mtu aliyekaa kambini miaka mingi akaiona milima ya kwetu ya Ubwari ikijitokeza, hakulia kwa sababu anahesabu ndagala atakaowavua.

Neno langu ni hili: uzuri umo katika kitu chenyewe, ila jicho halizaliwi likiujua. Kuijua kazi ya kitu kunakusaidia kuuona uzuri wake. Hakukupi kipimo chake.

Basi, kabla hujasema kitu ni kibaya, uliza: kilifanya kazi gani? Nani aliruhusiwa kukishika? Kilitolewa siku gani? Wazee wenye majibu bado wapo, lakini wanapungua. Kigoda cha babu yako usikiuze kwa mpita njia kabla hujaketi na mmoja wao. Ukishamsikiliza, ukarudi bado unakiona kibaya, niambie. Nitakusikiliza, maana sasa utakuwa umeangalia.